POMBE KATIKA DAMU: HESABU CHUPA, HESABU NA SAA



Katika mikutano yetu ya mtaa hapa Buterere, tunapozungumza juu ya pombe, swali moja halikosi kuulizwa: "Mimi nilikunywa jana. Nimelala, nimeoga, nimekunywa chai. Mbona unaniambia kwamba bado nina pombe?" Swali hilo ni zuri. Kutojua jibu lake kumeshawaumiza watu tunaowafahamu, na ndiyo sababu tumelipa karatasi nzima.

Karatasi hii haikuandikwa ili kumgombeza mtu. Wengi wetu tuliotoka Uvira, Fizi na Bukavu tumekua tukiona kasiksi kwenye mahari, kwenye matanga na mahali wazee wanapomaliza ugomvi. Wenyeji wetu Warundi nao wana urwarwa na impeke, na mgeni hukaribishwa kwa chupa. Wako pia ndugu zetu wasiokunywa kabisa kwa sababu ya imani yao, nao wanafanya vema. Mwandishi wa karatasi hii ni kijana, na si adabu kijana kumfundisha mzee namna ya kunywa. Lakini hesabu ni hesabu, haiangalii umri. Tunawaomba wazee wetu waisome pamoja nasi.

YALIYOMPATA JIRANI

Jirani yetu mmoja alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki. Pikipiki haikuwa yake. Kila jioni alipaswa kumpelekea mwenye nayo fedha ya siku. Jumapili moja, saa 11 jioni, aliketi katika kabare pamoja na rafiki zake. Alikunywa chupa 4 kubwa za Primus, akala mishikaki michache, akarudi nyumbani saa 4 usiku na kulala. Hakugombana na mtu wala hakuanguka njiani.

Jumatatu saa 12 asubuhi aliamka, akaoga, akanywa chai, akaenda kazini. Abiria wake wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipeleka lengalenga sokoni. Gari lilisimama ghafla mbele yao. Jirani aliliona, lakini alichelewa kukamata breki. Yeye alivunjika mguu, mama akavunjika mkono, na mboga zote zikamwagika mtaroni. Mama yule alikaa majuma mengi bila kuuza, na watoto wake walikula kwa kusaidiwa na majirani. Mwenye pikipiki aliichukua pikipiki yake.

Tulipokwenda kumwona jirani alituambia: "Asubuhi ile sikuonja hata tone." Alisema kweli. Lakini alikuwa amelewa. Tazama kwa nini.

POMBE HUINGIAJE KATIKA DAMU?

Ugali na maharage lazima visagwe tumboni kwanza. Pombe haihitaji kusagwa. Hupenya kama ilivyo: kidogo kupitia ukuta wa tumbo, na sehemu kubwa kupitia utumbo mdogo. Kutoka hapo damu huichukua na kuipeleka kila mahali penye maji mwilini: ubongo, moyo, misuli, ini, na kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Aliyekula vizuri, chakula huizuia pombe tumboni kwa muda, nayo huingia katika damu polepole. Mwenye njaa, pombe hupita mara moja kwenda utumboni, na katika muda wa nusu saa hadi saa moja damu yake imeshajaa. Hivyo chakula husaidia kikiliwa KABLA ya kunywa. Kikiliwa baadaye hakitoi pombe iliyokwisha kuingia katika damu.

Waganga hupima pombe kwa gramu katika lita moja ya damu. Sehemu ndogo ya pombe hutoka pia kwa pumzi, na ndiyo maana polisi wa nchi nyingi wana chombo cha kupuliza kinachoonyesha kiasi kilichomo katika damu.

BIDONI MBILI NA CHUPA MOJA

Hesabu yenyewe si ngumu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye pombe asilimia 5 ina karibu gramu 29 za pombe halisi.

Mwanaume wa kilo 60 ana maji yapatayo lita 40 katika mwili wake, yaani bidoni mbili za njano, zile tunazotekea maji. Mimina gramu 29 ndani ya lita 40. Utapata kama gramu 0.7 kwa lita.

Mwanamke wa kilo 50 ana maji yapatayo lita 27. Hizo ni bidoni moja na theluthi tu. Mimina humo chupa ileile moja. Utapata zaidi kidogo ya gramu 1 kwa lita. Mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanaume hata wakiwa na uzito sawa. Kwa hiyo mama akinywa sawasawa na mumewe hawakulewa sawasawa. Yeye amelewa zaidi. Hilo halitokani na udhaifu wa moyo. Ni bidoni ndogo iliyotiwa kipimo kilekile. Kijana mwembamba naye ni vivyo hivyo.

Hesabu hizi ni za makadirio, maana miili haifanani. Lakini haziko mbali na ukweli, na zinatosha kumwonyesha mtu yuko wapi.

INI HALIHIMIZWI

Pombe ikishaingia, hutokaje? Kidogo sana hutoka kwa mkojo, jasho na pumzi. Karibu yote huondolewa na ini. Na ini lina mwendo wake: hupunguza kama gramu 0.15 kwa lita kwa kila saa moja.

Fikiri mama mmoja mwenye jiko moja na sufuria moja. Ukimletea gunia moja la maharage au magunia kumi, yeye atapika sufuria moja kwa wakati. Ukipiga kelele mlangoni, maharage hayaivi upesi. Ini nalo ni hivyo hivyo.

Kwa mwendo huo, chupa moja kubwa humchukua mwanaume wa kilo 60 karibu saa 5 kuisha. Mwanamke wa kilo 50 humchukua karibu saa 7. Hiyo ni chupa MOJA.

Sasa turudi kwa jirani yetu wa kilo 60. Chupa 4 zingefikisha karibu gramu 2.9 kwa lita, na ini lingehitaji kama saa 19 kuzimaliza. Alianza saa 11 jioni. Ukihesabu saa 19, utafika saa 6 mchana wa Jumatatu. Saa 12 asubuhi, alipokuwa akimpandisha yule mama, zilikuwa zimepita saa 13 tu. Bado alikuwa na karibu gramu 0.9 katika kila lita ya damu yake.

Je, kuna kitu cha kuharakisha? Hakuna.

- Kahawa na chai humwamsha mlevi, lakini hubaki mlevi, ila sasa hana usingizi.
- Maji baridi ya kuoga huondoa jasho na vumbi. Hayafiki kwenye ini.
- Kutapika hutoa kile kilichobaki tumboni tu. Kilichokwisha kuingia katika damu hakirudi.
- Kukimbia au kucheza mpira hakuchomi pombe.
- Usingizi hausaidii kwa kuwa ni usingizi. Husaidia kwa kuwa saa zinapita.
- Chupa ya asubuhi ya "kuondoa uchovu" ni gunia jingine kwa mama mwenye sufuria moja.

DALILI KWA KILA KIPIMO

Gramu 0.2 hadi 0.3 kwa lita: mwili huona joto, mdomo hufunguka, aibu hupungua. Wengi husema, "Niko sawa."

Gramu 0.5: macho na mikono huanza kuchelewa. Mtu hukosea kupima umbali na mwendo wa gari linalokuja. Yeye mwenyewe haoni mabadiliko.

Gramu 0.8: mwili hauko imara, uangalifu umepungua, na ujasiri umezidi. Hatari ya ajali imepanda sana.

Gramu 1.5: kuyumba, kusema ovyo, kutapika, hasira za haraka.

Gramu 3: mtu aweza kupoteza fahamu, asisikie maumivu wala baridi.

Gramu 4 na zaidi: pumzi yaweza kusimama. Mtu hufa akiwa amelala.

Tafadhali angalia jambo moja. Mzoefu wa pombe huonekana mzima mahali ambapo mwenzake ameanguka. Ubongo wake umezoea, lakini damu yake ina kipimo kilekile, na ini lake linaumia vilevile. Usimpime mtu kwa kutembea kwake wala kwa maneno yake. Mpime kwa chupa na saa.

SHERIA ZA BARABARANI

Hapa Burundi, kama katika nchi jirani, kuendesha chombo ukiwa umelewa ni kosa. Nchi nyingine zimeandika mpaka wake kwa gramu. Uingereza iliweka gramu 0.8 kwa lita mwaka 1967. Sweden ilishuka hadi 0.2 mwaka 1990, na Ufaransa ikashuka hadi 0.5 mwaka 1995. Linganisha na hesabu yetu ya bidoni: chupa moja kubwa, ikinywewa haraka, inamweka mwanaume wa kilo 60 juu ya mpaka wa Ufaransa na karibu kabisa na ule wa Uingereza. Kwa hiyo dereva wa pikipiki, wa baiskeli ya abiria au wa gari asidanganyike na neno "moja tu". Kwa mwenye kubeba watu, kipimo kizuri ni sifuri.

Anayetembea kwa miguu pia yumo hatarini. Buterere ni tambarare, mitaro ni mingi, na mvua ikinyesha maji hujaa hata usijue njia iko wapi. Mlevi akianguka usiku katika mtaro wenye maji ya magoti aweza kufa maji.

VINYWAJI VISIVYOHESABIKA

Chupa ya kiwandani ina karatasi inayosema asilimia. Urwarwa na kasiksi hazina karatasi. Nguvu yake hutegemea ndizi, maji yaliyoongezwa na siku ilizokaa, hivyo ya leo si ya juzi. Tena mkinywa kwa mirija katika chombo kimoja, hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani. Afadhali kila mmoja apewe kikombe chake, ajue amejaza mara ngapi.

Kanyanga na lutuku ni jambo jingine. Pombe ya kukaushwa motoni yenye asilimia 40, ikijaa chupa ya fanta ya sentilita 30, ina gramu 96 za pombe. Hiyo ni zaidi ya chupa 3 kubwa za bia, na mtu aweza kuimaliza kabla mishikaki haijaiva.

Hatari nyingine ni sumu iitwayo methanoli. Wauzaji wabaya huichanganya ili kinywaji kiwe kikali na cha bei nafuu. Huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi. Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, pombe yenye sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Aprili 2010 katika wilaya ya Kabale, Uganda, waragi yenye methanoli iliua watu wengi. Mwezi wa Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa nchini Kenya kwa namna hiyohiyo.

Mtu aliyekunywa kanyanga, na baada ya saa kadhaa au kesho yake akalalamika kwamba haoni vizuri, kichwa na tumbo vinauma, anapumua kwa shida, msimwambie ni uchovu wa pombe. Mpelekeni hospitali mara moja na mseme alichokunywa. Dawa ipo, lakini haingoji.

WASIOPASWA KUNYWA KABISA

1. Mama mjamzito. Mtoto tumboni hupata kipimo kilekile cha mama, naye ini lake halijakomaa. Aweza kuzaliwa na ubongo ulioharibika, na hakuna dawa ya kuurudisha.

2. Mtoto. Usimpe urwarwa ili alale au anyamaze. Pombe hushusha sukari katika damu, na mtoto mwenye njaa aweza kupata degedege na kufa kwa kiasi kidogo tu.

3. Anayetumia dawa za kifua kikuu, za kifafa au za usingizi. Dawa nyingine huliumiza ini pamoja na pombe, nyingine huongeza ulevi. Muulize mwuguzi kabla.

4. Mwenye ugonjwa wa ini.

5. Anayeendesha chombo, anayepanda juu ya nyumba kujenga, na anayeachiwa watoto.

Na asiyekunywa asianze. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa ni salama kwa afya. Tunachoweza kukusaidia ni kupunguza hatari.

UKIAMUA KUNYWA

- Kula kwanza, ushibe.
- Amua idadi ukiwa bado nyumbani. Ukiamulia mezani, ni pombe inayoamua.
- Weka kizibo cha kila chupa mfukoni mwako. Usiku vizibo husema kweli kuliko kichwa.
- Katikati ya chupa na chupa kunywa maji. Hayatoi pombe, lakini hukupunguzia mwendo na kiu.
- Usikubali kuongezewa kabla glasi haijaisha, maana utapoteza hesabu.
- Wakikulazimisha, omba fanta bila haya. Katika harusi na katika mazungumzo ya wazee, fanta ni heshima kamili. Anayekualika naye asimwaibishe mgeni aliyesema "imetosha".
- Kabla ya kuondoka, hesabu saa za kesho. Kama una kazi saa 12 asubuhi, chupa ya pili tayari ni ya mashaka.
- Siku ya mgao au ya kupokea fedha, pitia nyumbani kwanza. Chakula, kodi ya nyumba na daftari za watoto vitangulie. Kabare haihami.

Na lieleweke hili: pombe si kisingizio cha kumpiga mke wala mtoto. Aliyepigwa ana haki ya kusaidiwa, na mhamasishaji wa mtaa wako atamsikiliza kwa siri.

MWENZAKO AKIZIDIWA

Mara nyingi tunasema, "Mwacheni alale, itamtoka." Kumbuka jiko na sufuria: pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya mtu kuacha kunywa. Aliyelala saa 4 aweza kuwa katika hatari kubwa zaidi saa 5. Fanya hivi:

1. Mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kiinamishwe kidogo ili matapishi yatoke nje. Usimlaze chali kamwe. Wengi hawauawi na pombe yenyewe, hukabwa na matapishi.

2. Mfunike blanketi. Pombe hupoteza joto la mwili.

3. Mtu mmoja abaki macho karibu naye. Wasiondoke wote.

4. Usimpe kahawa, usimmwagie maji, usimtie kidole kooni.

5. Mpelekeni kituo cha afya bila kungoja asubuhi kama: haamki hata akifinywa, anapumua mara chache na kwa kusitasita, midomo imekuwa ya buluu au imepauka, mwili ni baridi, ametetemeka kwa degedege, au aliangukia kichwa. Aliyepasuka ndani ya kichwa na mlevi hufanana, na wengi wameachwa walale wakidhaniwa ni pombe tu.

Msiogope kusema ukweli kwa mganga. Anataka kujua amekunywa nini, kiasi gani na saa ngapi.

ASIYEWEZA KUACHA

Wako ndugu zetu ambao pombe imewashika. Wengine walianza baada ya kukimbia vita, ili walale usiku bila kuona tena waliyoyaona. Tusiwacheke. Na wao tunawaambia jambo la muhimu: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake. Aweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo na kupata degedege, na hali hiyo huua. Aende kwanza kituo cha afya. Hapa Bujumbura, Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge (CNPK) hupokea pia wenye shida ya pombe. Kwenda huko si kusema mtu ana wazimu. Ni kwenda kwa fundi anayejua kazi yake.

KUMBUKA

Yule mama wa lengalenga hakuwa amekunywa chochote, wala jirani yetu hakukusudia mabaya. Alihesabu usingizi na chai, hakuhesabu saa. Siku hizi anatembea kwa kuchechemea, na vijana wakikaa kunywa karibu naye huwauliza: "Ya ngapi hiyo, na kesho unaamka saa ngapi?"

Nawe, ndugu msomaji, muulize hivyo mwenzako kabla chupa nyingine haijafunguliwa. Ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe. Mpe jirani, au msomee asiyejua kusoma.